Muulize Bibi Shamba: Kisima kimeingia chumvi, nichimbe zaidi?

SWALI: Bibi Shamba, shikamoo. Nina ekari mbili hapa Kigombe, nimeachiwa na marehemu baba. Maji ya kisima chetu tumeyanywa tangu utotoni. Mwanangu alipofunga pampu nikaanzisha bustani ya mchicha na bamia. Tangu kaskazi iliyopita maji yana chumvi, jioni yanazidi, sabuni haishiki povu, na mchicha unaungua kingo za majani. Fundi anataka tuongeze kina. Muuza pembejeo anasema udongo umechoka, nitie urea. Shemeji anasema shamba limekwisha, nimuuzie yeye. Choo kiko hatua kumi na tano hivi kutoka kisimani, na nina mjukuu wa miezi minne. Nianzie wapi?
Mama wa Kigombe, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia kwa fundi: mwambie asiguse kisima. Hapo ulipo, chini ya maji yako kuna maji ya bahari. Maji ya mvua ni mepesi, kwa hiyo yanakaa juu ya yale ya chumvi. Wataalamu wa maji wana hesabu yao: kila mita moja ya maji baridi (yasiyo na chumvi) iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 nyingine kabla hujaikuta chumvi. Hesabu hiyo hiyo inageuka upande wa pili. Pampu ikishusha maji ya juu kidogo tu, chumvi inapanda sana kutoka chini. Ndiyo maana jioni, baada ya kumwagilia siku nzima, maji yanakuwa mabaya kuliko asubuhi. Ukichimba zaidi unaifuata chumvi kule iliko. Vuta kidogo kidogo, alfajiri na magharibi, ukiacha kisima kijae tena kati ya nyakati hizo. Mvua ya masika ikinyesha kwenye paa, ikinge kwenye simtanki. Hayo ndiyo ya kunywa.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile choo. Hatua kumi na tano hazifiki hata nusu ya mita 30 zinazotakiwa. Na pwani yetu ina mwamba wa matumbawe wenye nyufa. Maji machafu hupita humo bila kuchujwa na mchanga. Uchafu wa choo unaleta vitu viwili: vijidudu, ambavyo kuchemsha kunaviua, na naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi na mkojo, ambayo haiondoki kwa moto. Ukichemsha sana, maji yanapungua na naitreti inabaki ile ile, kwa hiyo inakolea. Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Naitreti mtu mzima anaistahimili, lakini mtoto mchanga damu yake hushindwa kubeba hewa vizuri, midomo ikawa ya bluu. Mjukuu wako apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Kama anapewa ya kopo, maji ya kisima hicho yasitumike kabisa kuyakorogea mpaka yapimwe.

Kwa kupima, nenda RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani uulize utaratibu wa maabara ya maji. Omba wapime vijidudu, naitreti na chumvi. Chupa ya vijidudu wakupe wao, iliyosafishwa kwa kazi hiyo. Chupa ya soda uliyoisuuza nyumbani itakupa majibu ya chupa. Sampuli ikae kwenye barafu na ifike siku hiyo hiyo. Majibu yakija, bakteria wa kinyesi wawe sifuri katika mililita 100, naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita. Chumvi wataiandika kama uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa kipimo cha dS/m (desisimensi kwa mita). Kwa umwagiliaji, chini ya 0.7 huna shida. Kati ya hapo na 3 uwe mwangalifu. Juu ya 3 mboga nyingi zinaumia.

Sasa udongo. Kingo za majani kuungua ni dalili ya chumvi ya maji, na urea nayo ikiyeyuka ina tabia kama ya chumvi, inaongeza kiu ya mmea. Weka fedha yako mfukoni. Asubuhi ya kiangazi angalia matuta: ukikuta ukoko mweupe juu ya udongo, umeshapata nusu ya jibu. Nusu nyingine iko Mlingano, kituo cha utafiti wa udongo kilicho wilayani kwenu. Wakulima wa mikoa mingine wanatamani wangekuwa karibu nacho kama wewe. Pita bustanini kwa kwenda upande upande, chota sehemu kama kumi na tano, kina cha sentimita 20. Ruka kichuguu, ruka palipochomwa taka, ruka zizi la mbuzi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki safi (mfuko wa mbolea usiutumie, mabaki yake yatawadanganya), anika kivulini, chukua nusu kilo. Bustani na shamba la juu viwe mifuko miwili tofauti, kila mmoja na jina lake. Ukisubiri majibu, funika matuta kwa makuti makavu ili jua lisivute chumvi juu, na tia samadi iliyooza.

Na shemeji? Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zimekupa haki ya kumiliki sawasawa na mwanamume. Kama huna hati ya hakimiliki ya kimila, anza kuifuatilia ofisi ya kijiji, iandikwe jina lako. Karatasi za maabara zitunze pamoja nayo. Atakayekuja kukwambia shamba limekwisha, mwonyeshe.

SWALI: Majibu ya udongo wangu yanasema pH, yaani kipimo cha asidi, ni 8.2. Jirani ananiambia nitie chokaa na majivu. Ni sawa?
Msomaji wa Kaole, Bagamoyo

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Chokaa na majivu ni dawa ya udongo wenye asidi, na wako umeshapita upande wa pili, juu ya 7 iliyo katikati. Matumbawe yaliyo chini ya ardhi ya pwani yenyewe ni chokaa. Chunguza majani machanga: yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, mimea haiwezi kuvuta madini ya chuma, hata kama yamo. Samadi iliyooza, na kunde unazozifukia zikiwa bado mbichi, zitasaidia. Majivu yapeleke chooni, yanapunguza nzi.