Hom thieta ya bei kubwa: pesa ya ziada inalipa mpaka wapi?

Mkuu mleta mada, umeuliza kama hom thieta ya gharama ina tofauti ya maana na zile seti za boksi (mtambo na spika zake zote vinauzwa pamoja), au tunauziwa jina tu. Umesema boksi ulilolipenda limeandikwa wati 1000, lina spika 5 na sabufa, wakati risiva unayoshauriwa ununue (mtambo unaopokea sauti ya TV na kusukuma spika, si king'amuzi) inakuja kavu, haina hata spika moja, imeandikwa wati 80 na bado bei yake inalipita boksi zima. Kwa hesabu hiyo hata mimi ningehisi napigwa.

Tuanze na wati, maana hapo ndipo watu wengi wanapoliwa. Geuza mtambo wa boksi usome kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingia. Seti niliyowahi kuishi nayo ilijisifu kwa maandishi makubwa mbele, lakini kibandiko cha nyuma kilikiri kwamba inakula wati mia moja na ushee. Mtambo hauwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia. Zile 1000 ni ujanja wa kujumlisha spika zote na kuhesabu mshindo wa kufumba na kufumbua, sauti ikiwa imeshapasuka zamani. Wati 80 za risiva ya maana kwa kawaida zimepimwa zikitoka mfululizo, sauti ikiwa safi. Nazo zina kaujanja kake, mara nyingi wanapima spika 2 tu zikifanya kazi, ila hazikaribiani na uongo wa boksi.

Halafu sikio lenyewe halihesabu wati kama mfuko unavyohesabu pesa. Ukizidisha nguvu mara 2 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, kitu unachokisikia kwa mbali. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji nguvu mara 10 hivi. Kwa hiyo anayekusukuma utoke risiva ya wati 80 uende ya 120 kwa sababu ya nguvu pekee, anakuuzia pungufu ya desibeli 2. Spika ya kawaida ya desibeli 87 kwa wati 1 inajaza sebule kwa wati chache sana ukiwa unaangalia tamthilia jioni.

Sasa pesa inakwenda wapi? Kwangu mimi jibu ni spika ya kati, na watu wengi ndiyo wanayoidharau kwa sababu haitoi mshindo. Maongezi karibu yote ya filamu yanatoka hapo. Kwenye boksi ile spika ni kiplastiki chepesi chenye koni ya inchi 3 au chini ya hapo. Koni ya hivyo haiwezi kushuka kwenye sehemu nzito ya sauti ya mwanaume, kwa hiyo mtambo unaichukua sehemu hiyo na kuisukumia kwenye sabufa. Matokeo yake mzee mwenye sauti nene anaongea kwenye TV, lakini kifua chake kiko kona ya sebule. Ukishaligundua jambo hili huwezi kuacha kulisikia. Na ndiyo sababu unashinda na rimoti mkononi: wakinong'ona unapandisha, kikilipuka kitu unashusha haraka kabla jirani hajagonga.

Nilipohamia spika ya kati yenye koni 2 za inchi 5 na twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) katikati, ndani ya kabati la mbao lenye uzito wake, kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa rimoti kukaa mezani. Maneno yakawa yanasikika hata sauti ikiwa chini. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mama mwenye nyumba, asiyejali kabisa habari za mitambo, aliiona bila kuambiwa. Spika za namna hii unaweza kuziambia zihudumie kila kitu mpaka hezi 80 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa chache sauti ni nzito), kisha sabufa ichukue kuanzia hapo kushuka, na chini ya hapo sikio linapata shida kujua besi inatokea upande gani. Kile kifua cha kona kinapotea.

Sabufa nayo ina darasa lake. Ya boksi huwa ina noti moja inayoipenda, na kila kitu kinageuzwa kuwa noti hiyo: ngoma ni 'buu', mlango ni 'buu', bunduki ni 'buu'. Nzuri inashuka mpaka hezi 25 au 30, na pale unaanza kuhisi mtikisiko kabla hujajua umesikia nini. Ila hapa sebule ina kauli kuliko pesa yako. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa karibu mita 8.6, na chumba chenye urefu wa nusu ya hapo, yaani mita 4.3, kinalishika wimbi hilo na kulikuza sehemu moja huku kikiliua sehemu nyingine. Unaweza kuketi pale lilipofia, ukadhani umeuziwa sabufa mbovu. Nimesikia sabufa ya bei mbaya iliyotupwa konani ikishindwa na ya bei ya kati iliyopangwa kwa akili.

Njia ya kuipanga haina gharama. Beba sabufa uiweke juu ya kochi, pale pale unapokaa. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea noti za juu na chini. Kisha wewe piga magoti utambae kandokando ya kuta, sikio likiwa chini (watoto watacheka, waache). Kuna sehemu utasikia noti moja inanguruma na nyingine zimepotea, na kuna sehemu zote zitasikika sawasawa. Hapo penye usawa ndipo sabufa inapotakiwa kukaa. Yangu iliangukia ubavuni mwa kochi, mahali ambapo nisingepafikiria.

Baada ya hatua hiyo, mkuu, kila shilingi ya ziada inaanza kukununulia kidogo sana. Risiva ya chaneli 11, yaani ya kusukuma spika 11, kwenye sebule ndogo ni mapambo. Spika za juu za Dolby Atmos, mfumo wa sauti zinazotoka hata juu ya kichwa ulioingia kwenye kumbi za sinema mwaka 2012, ni tamu kweli zikifungwa darini. Zile za kulala juu ya spika nyingine na kurusha sauti iruke darini zinahitaji dari tambarare na gumu, usiwe na haraka nazo. Isitoshe filamu unazozivuta kwa intaneti huja na Atmos iliyobanwa, si ile kamili ya kwenye diski za Blu-ray, kwa hiyo kama hununui diski, mtambo wa juu kabisa utabaki na njaa. Waya wa spika nunua wa shaba halisi wa milimita za mraba 1.5, au 2.5 kama ni mbali. Anayekuuzia waya kwa bei ya spika mpe salamu uondoke.

Kingine ambacho wauzaji hawakisemi: risiva inazeeka, spika hazizeeki kwa kasi hiyo. Viwango vya HDMI (tundu na waya wa kuunganisha TV na mitambo) vinabadilika, kila baada ya miaka kadhaa risiva ya jana inaonekana ya kizamani, ilhali spika nzuri iliyotunzwa itapiga miaka 20. Kwa hiyo risiva chukua ya kati, hata iliyotumika kama ina eARC (njia ya HDMI inayoleta sauti kamili kutoka TV), spika ndizo uzilipie. Na hapo ndipo boksi linapoumiza zaidi, maana mara nyingi plagi zake ni za kwake mwenyewe. Ukifa ule mtambo wake, spika zote 5 zinakuwa uchafu.

Saundibaa, ile spika moja ndefu ya kuweka chini ya TV? Kwa chumba kidogo na mtu asiyetaka kuona waya, sawa tu, hasa yenye sabufa ya pembeni.

Kwa sebule yako ya mita 4 kwa 5 uliyoitaja, mimi ningeanza na risiva ya chaneli 5, spika 2 za mbele na ya kati za familia moja, basi. Sabufa ifuate pesa ikipatikana. Za nyuma ziwe za mwisho, maana kazi yake kubwa ni mvua, upepo na makelele ya umati. Ukienda kusikiliza dukani usikubali wakupigie milipuko. Beba filamu unayoijua, omba sehemu watu wanaongea chini chini huku muziki ukipita nyuma, na hakikisha mitambo yote miwili imewekwa kiwango kimoja cha sauti, kwa sababu iliyopandishwa kidogo huonekana nzuri kila mara na muuzaji analijua hilo. Kama bajeti haifiki hata hapo, chukua spika 2 nzuri tu na amplifaya ya kawaida. Ukikaa katikati yake, maongezi yatatokea katikati ya TV vizuri kabisa, na zitakuwa tayari kupokea nyingine baadaye.