Muulize Fundi: Laptopu ya Kupangia Taa za Krismasi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi umeme hapa Moshi, kazi zangu nyingi ni wayaringi za nyumba. Desemba hii baba mkubwa anapanda Kibosho na familia yote kutoka Dar es Salaam, na anataka nyumba ipambwe taa zinazocheza kufuata muziki, kama alizoziona Marekani. Pikseli 800 (zile taa ndogo ambazo kila moja hubadilishwa rangi peke yake) nimeshaagiza, programu ya kupangia taa ya xLights nimeambiwa ni ya bure, ila kompyuta sina. Muuzaji mmoja ananiambia bila laptopu ya gemu, yenye kadi kubwa ya grafiki, nisijisumbue. Bei yake inapita milioni mbili. Mimi nina laki tisa. Nifanyeje?
Msuka Nyaya, Moshi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Laki tisa inatosha, tena ukitulia itabaki ya skrini. Muuzaji wako anajua gemu, taa hazijui.

Angalia laptopu inafanya nini hasa kwenye kazi hii. Ndani ya xLights unachora nyumba ya baba mkubwa: paa, nguzo za baraza, miti ya uani. Unaingiza wimbo, halafu unapanga madoido juu yake, pigo kwa pigo. Ukimaliza, programu inakokotoa rangi ya kila pikseli katika kila fremu na kuandika faili la FSEQ. Hapo laptopu imemaliza kazi. Usiku wa mkesha faili hilo linachezwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya Falcon Player, ikisoma taa na wimbo kutoka kwenye kadi ya SD. Laptopu yako wakati huo inaweza kuwa imefungiwa kabatini, mbali na watoto na soda zao.

Sasa pima uzito wenyewe. Kila pikseli ina nyekundu, kijani na bluu, kwa hiyo 800 zako ni chaneli 2,400. Kwa fremu 40 kila sekunde, wimbo wa dakika tatu unatoa kama megabaiti 17 kabla ya kubanwa. Ni mzigo mdogo. Kadi ya grafiki inahitajika hasa kukuonyesha nyumba ikiwaka kwenye skrini wakati unapanga, pamoja na madoido machache ya aina ya sheda (yanayochorwa na kadi yenyewe). Grafiki ya Intel iliyomo ndani ya laptopu ya kawaida inaimudu nyumba ya ukubwa huo.

Panapouma ni kwenye prosesa, kwa sababu xLights inagawa ukokotoaji kwa viini (cores) vyote vilivyopo. Ndiyo maana nakwambia usishuke chini ya Intel kizazi cha nane. i5 za kizazi cha saba kwenye laptopu nyembamba za ofisini zilikuwa na viini viwili. Kizazi cha nane zikawa na vinne. Tena Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 2025, na za kizazi cha nane zinaipokea Windows 11 bila ujanja.

Kwa hiyo tafuta mtumba wa ofisini wa mwaka 2018, wenye prosesa ya kizazi cha nane: ThinkPad T480, Latitude 5490 au EliteBook 840 G5. Zote tatu zina nafasi mbili za ramu, na zote zina tundu la waya wa mtandao, ambalo utalihitaji ukiwa unajaribu kontrola (kile kifaa kinachoziamuru pikseli) uani. Waifai ya nyumbani inapotuma taa hukwamakwama, na utaanza kumlaumu fundi wa pikseli bure. Mimi natumia T480. Betri yake ya nje nabadilisha bila kuzima mashine, na wewe unaujua umeme wetu. Ila soma herufi vizuri: T480s ni nyingine, ramu yake kiasi imegandishwa ubaoni.

Ramu ya GB 8 inakuanzisha, GB 16 inakustarehesha. Diski iwe SSD, hapo sina la kuongeza.

Skrini ndiyo nitakayokusumbua nayo. Mtumba mwingi una skrini ya 1366 kwa 768, na muuzaji hataji mpaka umuulize. Kwenye xLights unafungua mistari ya wimbo, orodha ya madoido na picha ya nyumba kwa pamoja. Kwenye skrini hiyo utashinda unasogeza madirisha badala ya kupanga taa. Dai 1920 kwa 1080. Hela ikibaki, nunua monita ya mtumba uweke picha ya nyumba huko peke yake. Mwaka juzi niliwasaidia vijana wa kwaya moja hapa Sakina kupamba mnara wa kanisa, na monita hiyo ya pili ndiyo iliyotuokolea usiku. (Walitaka pia waimbe wenyewe huku taa zikifuata. Kwa njia hii haiwezekani. Taa zinafuata wimbo uliorekodiwa, na mwalimu wa kwaya akipandwa na roho hakuna programu ya kumfuata.)

Ukienda dukani, beba xLights kwenye fleshi. Isakinishe palepale, chora mti wa pikseli mia kadhaa, weka madoido, ikokotoe. Muuzaji akikataa, mpe mkono uondoke. Halafu andika powercfg /batteryreport kwenye kidirisha cha amri, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na ilionao leo. Ingia BIOS pia (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka): mashine za makampuni nyingine huja na nywila ambayo hakuna anayeijua.

Na taa zenyewe uzitazame kwa jicho la fundi umeme. Pikseli za volti 5 zikiwaka nyeupe kamili hula kama wati 0.3 kila moja, yaani wati 240 kwa zote, ambazo kwa volti 5 ni ampea 48. Hizo huzipitishi kwenye waya mmoja mwembamba. Ingiza umeme sehemu kadhaa, punguza mwanga mpaka asilimia 30 au 40, na kila kiungio ukizibe vizuri, maana mvua za vuli Kibosho hazijui Krismasi.

SWALI: Mimi sina laptopu wala mpango wa kununua. Naweza kutumia simu tu? Taa ni za kibaraza.
Mama wa Njiro, Arusha

JIBU: Unaweza, mama. Nunua kontrola ndogo ya ESP32, iwekewe programu ya WLED, utachagua rangi na madoido kwa simu yako. Kupanga madoido juu ya wimbo pigo kwa pigo, kama kwenye xLights, ndiyo hutapata. Kwa kibaraza, sioni kama utaijutia.