Faili ipo, bodi inasema haipo

Mwanangu,

Barua yako imefika, nasi huku hatujambo. Umeniandikia kwamba programu yako ya kupima maji ya tangi umeikompaili kwa ajili ya prosesa ya ARM kwenye laptopu yenye Ubuntu 24.04, ukaipeleka kwenye bodi yako, Raspberry Pi 4 yenye mfumo wa Bookworm, nayo ikagoma hivi:

error while loading shared libraries: libmosquitto.so.1: cannot open shared object file: No such file or directory

Ukachukua libmosquitto.so.1 ya laptopu, ukaiweka kwenye /usr/local/lib ya bodi. Ukipiga ls unaiona, programu bado inasema haipo. Unauliza inakuwaje.

Ujumbe huo unabeba maana zaidi ya moja. Kuna kipakiaji, yaani kile kiprogramu kinachokusanya maktaba pale unapoanzisha programu. Kikikuta faili yenye jina sahihi lakini ya prosesa nyingine, hakilalamiki: kinairuka na kuendelea kutafuta. Kikimaliza folda zote bila kupata inayofaa, kinakuambia haipo. Maktaba uliyonakili ni ya x86-64, yaani prosesa ya laptopu, bodi yako ni ARM. Hakikisha mwenyewe kwenye bodi:

file -L /usr/local/lib/libmosquitto.so.1

Hata ingekuwa ya ARM, huenda ungepata ujumbe uleule kwa sababu nyingine. Kipakiaji hakipekui /usr/local/lib chenyewe. Kinasoma orodha iliyohifadhiwa kwenye /etc/ld.so.cache, na orodha hiyo haiijui faili mpya mpaka uendeshe ldconfig. Kwa hiyo ondoa ile nakala, kisha chukua maktaba kwenye hazina ya bodi yenyewe:

sudo rm /usr/local/lib/libmosquitto.so.1
sudo ldconfig
sudo apt install libmosquitto1

Apt italeta ya prosesa sahihi pamoja na maktaba nyingine ambazo hiyo inazitegemea. Na siku utakapokosa libssl.so.1.1 huku bodi ina libssl.so.3, usidanganye mfumo kwa kutengeneza kiungo chenye jina la zamani. Namba ile ya mwisho ni ahadi ya kwamba namna programu zinavyoitumia maktaba hiyo haijabadilika kiasi cha kuzivunja. Ukiibandika pasipostahili, kipakiaji kitakagua na kusema version `OPENSSL_1_1_0' not found.

Kabla ya kuhangaika na maktaba moja moja, iulize programu yenyewe inataka zipi. Hili unalifanya kwenye laptopu:

readelf -d tangi | grep NEEDED

Ldd ya laptopu haitakusaidia, maana kwa faili ya ARM itajibu not a dynamic executable. Ukiwa kwenye bodi, LD_DEBUG=libs ./tangi itakuonyesha kila folda kipakiaji kilipopita, na hapo utaacha kubahatisha.

Kagua pia kama mfumo ulio kwenye kadi yako ni wa biti 32 au 64. Usiitegemee uname -m. Kwenye Pi 4 mfumo wa biti 32 mara nyingi huendeshwa na kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 64, hivyo itakujibu aarch64, jina la biti 64, wakati maktaba zote ni za armhf, yaani biti 32. Jibu la kuaminika linatoka kwa dpkg --print-architecture. Programu ya arm64 (biti 64) ikiwekwa kwenye mfumo wa armhf, hata kipakiaji chake, /lib/ld-linux-aarch64.so.1, hakipo, na bash ya Bookworm itasema cannot execute: required file not found. Hapo usitafute maktaba yoyote. Badilisha kadi au badilisha kompaila. Nitaendelea nikichukulia kuwa dpkg imekujibu arm64.

Sasa nikuonye juu ya kosa ambalo hujaliona bado. Kipakiaji hutafuta maktaba zote kwanza, ndipo hukagua matoleo. Ukishaweka libmosquitto1, naona kabisa likija hili:

version `GLIBC_2.38' not found

Glibc ni maktaba ya msingi ya C: Ubuntu 24.04 ina toleo la 2.39, Bookworm ina 2.36. Programu iliyojengwa kwa glibc ya zamani hukubalika kwenye mpya. Kinyume chake hapana. Huhitaji kuwa umetumia kitu cha ajabu. Kwenye C++, hata strtol ya kawaida, ile ya kugeuza maandishi kuwa namba, inaunganishwa kwa jina jipya, __isoc23_strtol, lililoanza na 2.38. Mwanangu, nakusihi usichukue libc.so.6 mpya ukaiweka juu ya ile ya bodi. Faili hiyo na kipakiaji lazima viwe vya toleo moja. Zikitofautiana, ls, sudo na ssh vyote vinakufa kwa pamoja, na itabidi utoe kadi uitengeneze kwenye kompyuta nyingine.

Dawa yake ni kujenga programu ndani ya mfumo wenye toleo lilelile la bodi. Kontena ya Docker, yaani mfumo mdogo uliojitenga ndani ya laptopu, inatosha:

docker run --rm -it -v "$PWD":/kazi -w /kazi debian:bookworm bash

Ukiwa ndani:

dpkg --add-architecture arm64
apt update && apt upgrade -y
apt install -y crossbuild-essential-arm64 libmosquitto-dev:arm64
aarch64-linux-gnu-gcc tangi.c -o tangi -lmosquitto

Kama msimbo wako ni wa C++, tumia aarch64-linux-gnu-g++. Wengi watakushauri unakili /usr yote ya bodi kwa rsync, kisha uielekeze kompaila huko kwa --sysroot. Njia hiyo inafanya kazi kwa maktaba za kawaida. Lakini kompaila iliyotoka kwenye pakiti za Ubuntu huja na libc yake ndani ya /usr/aarch64-linux-gnu na yaweza kuunganisha na hiyo, ukarudi palepale kwenye GLIBC. Mimi napendelea kontena.

Ukipata cannot find -lmosquitto, hilo ni kosa la laptopu, bodi haihusiki. Anayeunganisha (linker) anataka libmosquitto.so isiyo na namba, nayo inakuja na pakiti ya -dev peke yake. Likitanguliwa na skipping incompatible, Makefile yako inamwelekeza kwenye maktaba za x86. Tafuta -L yenye x86_64-linux-gnu uifute. Kama unatumia pkg-config, weka PKG_CONFIG_LIBDIR=/usr/lib/aarch64-linux-gnu/pkgconfig.

Ile maktaba ndogo uliyoiandika mwenyewe ya kihisio haimo kwenye apt. Iweke kwenye folda lib kando ya programu, na unapounganisha ongeza -Wl,-rpath,'$ORIGIN/lib' ili kipakiaji kitafute humo. Alama za kunukuu ni za lazima, la sivyo shell itaimeza $ORIGIN; ndani ya Makefile andika $$ORIGIN.

Kabla hujapeleka kwenye bodi, pima ungali ndani ya kontena:

aarch64-linux-gnu-objdump -T tangi | grep -o 'GLIBC_2\.[0-9]*' | sort -Vu | tail -1

Namba isizidi 2.36. Ukikwama, nitumie jibu la mstari huo pamoja na la dpkg --print-architecture.

Mama yako