Jibu: Feni zinazunguka, skrini giza (Kigoma)
Mkuu, umesema kompyuta yako inazungusha feni lakini skrini ni giza, na kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) umechomeka waya wa umeme wa pini 24 tu. Huo huzungusha feni, lakini prosesa (ubongo wa kompyuta) hulishwa umeme na waya wake wa pini 8 (4+4), kwenye kona ya juu ya madabodi. Anza hapo.

Prosesa ya Ryzen 5 5600 haina grafiki za ndani (haitoi picha yenyewe), kwa hiyo waya wa skrini wa HDMI uchomekwe kwenye kadi ya grafiki, siyo kwenye madabodi. Wengi hunasa hapa.

Bado giza? Chomoa umeme, bakiza kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu), kwenye tundu la pili kutoka kwenye prosesa, kibonyeze mpaka kilie “klik”. Toa betri ya CR2032 (ile ndogo ya duara kwenye madabodi) dakika 5. Kama madabodi ni ya aina ya B450 ya zamani, huenda BIOS (programu ya madabodi inayowasha kompyuta) haiitambui prosesa hiyo; sasisha BIOS kabla hujaagiza prosesa nyingine kutoka Dar.