Papa wa Keshero, choo kikavu ndani ya nyumba kinawezekana: cha kwetu kipo tangu 2021

Papa, wewe baba wa Keshero, umeandika kwamba unavunja bafu la zamani ulijenge upya, fundi anakusukuma ununue WC ya kukaa yenye tangi la maji, na wewe umesikia habari ya choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi. Unaogopa mambo mawili: harufu ndani ya nyumba, na mama yako mwenye magoti mabovu. Mimi naishi Katoyi, mtaa mwingine wa Goma hapa mashariki mwa Kongo, nyumba ya mbao, tuko watu sita, na choo hicho mlango wake unatokea kwenye korido ya vyumba vya kulala. Nitajibu kirefu, kwa sababu siku zile nilipokuwa natafuta, sikupata wa kunijibu.

Kabla ya Mei 2021 tulikuwa na choo cha shimo nyuma ya nyumba, kimejengwa kwa mawe na sima (saruji). Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22, lava haikutufikia, lakini matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua ukuta wa shimo kuanzia juu mpaka chini. Tarehe 27 tukaamriwa kuhama, tukakimbilia Sake na magodoro kichwani. Tuliporudi nikafunua shimo, nikakuta maji yote yametoweka. Shimo lililokuwa karibu kujaa limebaki tope kidogo tu. Mume wangu alifurahi, akasema limejitapisha lenyewe. Mimi nilikosa usingizi. Yale yote yalikuwa yamekwenda wapi?

Mawe yetu unayajua. Lava ikipoa inapasuka, na maji yanapita kwenye nyufa zake bila kukutana na udongo wa kuyachuja. Mvua kubwa ikinyesha Goma unaona madimbwi kwa saa chache, kisha maji yanazama, wala huoni kijito kikishuka. Yanazama kuelekea ziwani, na ziwani ndiko watu wanakochota kwa bidoni (madumu) bomba likikauka. Kipindupindu hapa kwetu si hadithi, wenye umri wangu tunaikumbuka Julai 1994. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuachana na shimo na kuachana na maji, na mpaka leo ni kubwa kuliko sababu ya pesa. Fosi septiki, lile tangi la chini la maji machafu, iliyopigwa sima vizuri ingeweza kusaidia, sikatai. Lakini maji yanayotoka ndani yake lazima yaende mahali, na kwetu mahali hapo ni nyufa zilezile.

Hata hivyo fundi masoni wa kwanza alitushawishi tuchimbe shimo jipya. Vijana wawili, baramini na nyundo nzito, wiki tatu, wakafika mita moja na robo. Kila jioni walikuwa wanatoa vipande vya mawe kama karai tano, na mikono imetoka malengelenge. Tukasimamisha.

Wewe wa Keshero una jambo jingine la kufikiri kabla ya kumwambia mtu achimbe: mazuku. Ile hewa ni kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, haionekani, nayo inatulia mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Kila mwaka tunasikia mbuzi au mtu amekutwa amelala moja kwa moja huko upande wenu. Nakusihi, usimshushe mtoto wa mtu kwenye shimo refu kwa ajili ya choo.

Halafu piga hesabu ya maji. WC mpya inamwaga lita 6 kila ukiivuta, za zamani zinafika 9 na zaidi. Watu sita, kila mmoja mara nne kwa siku, ni lita 144, yaani bidoni saba za lita 20. Bomba la kwetu linatoka usiku, siku nyingine halitoki kabisa. Bidoni saba kila siku kwa ajili ya kusukuma kinyesi, wakati binti yangu ndiye anayezibeba? Ile Januari 2025, maji na umeme vilipokatika mji mzima, jirani zetu wenye WC za kupendeza walikuwa wanabisha hodi kwangu. Nilifungua, na nilifurahi kufungua.

Sasa choo chenyewe. Hakichimbwi, kinajengwa juu ya mwamba. Chini kuna vyumba viwili vya matofali vilivyosakafiwa kwa sima, vya kwetu vina mita moja kwa mita moja, na kimo cha sentimita 80. Juu yake kuna sakafu yenye tundu kwa kila chumba. Kinyesi kinaanguka chumbani, mkojo unapita mbele kwenye kibakuli chake na kushuka kwa bomba la mpira hadi kwenye bidoni nje. Mnatumia chumba kimoja mpaka kijae, mnakifunga, mnahamia cha pili. Wakati cha pili kinajaa, cha kwanza kinakauka na vijidudu vinakufa. Mpango huu wa vyumba viwili umetoka Vietnam, ambako wakulima waliutumia tangu miaka ya 1950. Wasweden wao walitengeneza vya kauri, vya kukaa, vyenye sehemu mbili ndani ya bakuli moja. Vya namna hiyo sijaviona vikiuzwa hapa, kwa hiyo tulijitengenezea.

Fundi wa pili, kijana mpole anayesikiliza, alikata bidoni ya njano mshazari, ule upande wenye mdomo. Mdomo ukawa shingo ya kupokea mpira, tumbo likawa kibakuli cha mkojo, akalipachika kwenye zege bichi mbele ya tundu, kisha akalisuguasugua kingo kwa kipande cha jiwe la lava mpaka zikawa laini, kidole kinateleza. Usikubali bomba la chuma, mkojo unalila. Mpira uwe mpana, wetu ni wa milimita 50, na ushuke bila kulala popote, kwa maana pale unapolala mkojo unaacha ukoko mweupe kama wa birika. Nikiona unapita polepole namwaga siki usiku, asubuhi nasuuza kwa maji ya moto kidogo. Ndani ya bidoni mwisho wa mpira ufike karibu na chini. Ukiishia juu, kila tone linapoanguka linarusha harufu. Hili tuligundua baada ya miezi miwili ya kulalamika.

Kila anayejisaidia haja kubwa anamwaga juu yake vikombe viwili vya jivu. Jivu la mbabula (jiko la makaa) tunalo kila siku, nalichunga kwanza makaa yasibaki. Likipungua nachanganya na vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, ambao wanaligawa bure. Jivu linakausha, tena lina ukali wake unaoua vijidudu. Kutoka kila chumba kuna bomba la hewa la milimita 110, limepanda kupita paa, limepakwa rangi nyeusi ili jua lilipashe moto hewa ipande, na juu lina wavu wa nzi.

Kuhusu harufu, basi. Kinyesi na mkojo vikichanganyika ndipo vinanuka vile tunavyovijua. Vikitengana, na jivu likiwa la kutosha, unasikia harufu kama ya vumbi baada ya mvua ndogo. Usiku mimi nalala mita tatu kutoka hapo. Lakini choo hiki hakisamehe maji. Mwaka wa kwanza alikuja mgeni, mtu mwenye heshima zake, akaona hakuna maji ya kumwaga, akaona aibu kutuachia hivyo. Akachukua ndoo ya kuogea na kuimwaga yote kwenye tundu. Hakusema. Siku ya tatu nyumba ilikuwa haikaliki, na funza wamejaa. Tulifungua mlango wa chumba kwa nje, tukamimina magunia mawili ya jivu na chokaa, tukangoja wiki mbili. Kosa lilikuwa langu, sikumweleza. Tangu siku hiyo mgeni yeyote namsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni na kumwonyesha, na ukutani nimechora picha kwa wasiojua kusoma.

Wanaojisafisha kwa maji, kama ninyi ni wa nyumba hiyo, wanahitaji tundu la tatu pembeni, la kuoshea tu, na maji yake yaende kwenye migomba. Liwekeni tangu mwanzo, kuongeza baadaye ni kuvunja upya. Wanaume wote wakojoe wakiwa wamekaa au wamechuchumaa. Kwangu hili lilichukua maneno mengi kuliko sima, na mwishowe tukawawekea cha kusimamia ukutani nje.

Kazi ya kutoa kinyesi kwenye chumba kilichojaa, watu wanaiogopa, lakini ni ya asubuhi moja. Mtu mmoja kwa mwaka anatoa kinyesi cha kilo hamsini hivi, na kikikauka kinapungua sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unasema penye baridi chini ya nyuzi 20 kinyesi kikae mwaka mmoja na nusu hadi miwili, penye joto zaidi ya hapo kipite mwaka. Goma tunacheza palepale kwenye 20, na mayai ya minyoo ya tumbo ni sugu, kwa hiyo mimi sifuati muda mfupi. Nikitoa, nafukia chini ya migomba nikiwa na glavu na buti, kwa koleo lisilofanya kazi nyingine, na siweki kamwe kwenye mboga. Mkojo ndio utajiri wa kweli: kipimo kimoja kwa vitano vya maji, unamwaga kwenye udongo na si kwenye majani, na unaacha mwezi mmoja kabla ya kuvuna. Udongo wenyewe tulinunua kwa magunia, maana parseli (kiwanja) yetu ni jiwe tupu. Leo lengalenga (mchicha) zangu zina majani ya upana wa kiganja.

Sasa mama yako. Kwa kuwa vyumba vya chini viko juu ya ardhi, choo kinapanda, na hapo ndipo wengi wanashindwa. Kwetu ni ngazi tano, na mama mkwe alizipanda kwa shida mpaka nikatamani kubomoa. Wewe unajenga upya, una nafasi sisi hatukuwa nayo. Kama nyuma ya nyumba yako kiwanja kinashuka, weka choo upande huo, sakafu yake ilingane na ya bafu, na milango ya kutolea ifungukie bondeni, ila uipandishe juu ya usawa wa ardhi hewa ipite. Kama kiwanja ni tambarare, ngazi ziwe fupi, kimo cha sentimita 15 tu, na mabomba ya kushika pande zote mbili.

Kuchuchumaa asahau. Mpigie seremala kiti cha mbao chenye tundu, kimo cha sentimita 45, na mbele chini ya mbao gongomelea kibakuli cha mkojo kama kile cha bidoni. Akae yeye kwanza kabla hakijagongomelewa, na fundi aweke alama kwa chaki pale mkojo unapoangukia. Cha mama mkwe tulipima kwa kukisia, kikakosea kwa vidole vinne, tukakibomoa na kukipiga tena.