Waifai isipoonekana kwenye Debian: kwa mnaoanza ufundi hapa Pemba

Laptopu nyingi tunazozishughulikia hapa Chake Chake ni mtumba. Zimetumika Ulaya au Dubai, zikashushwa Unguja, kisha zikavuka kwa boti. Mashine yenyewe huwa nzima, ina nguvu ya kutosha kwa skuli au kwa duka la uchapaji, na ukiiwekea mfumo endeshi wa Debian inakwenda vizuri: sauti ipo, skrini safi, kibodi inaitika. Waifai tu ndiyo haionekani. Hapo wengi mnaoanza mnamwambia mteja kadi imekufa, anunue nyingine. Tafadhalini, msimtie mtu gharama kabla hamjaiuliza mashine yenyewe.

Kadi ya waifai ina prosesa yake ndogo, na prosesa hiyo inahitaji programu yake, ndiyo famwea. Kadi nyingi haziihifadhi ndani. Kila mashine inapowaka, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huichukua famwea kutoka kwenye diski, katika folda ya /lib/firmware, na kuikabidhi kadi. Faili lisipokuwepo, kadi ni nzima na draiva yake, yaani programu ya mfumo inayoiongoza, ipo, lakini hakuna kinachofanyika.

Kwa nini faili likosekane? Kwa sababu watengenezaji wengi hutoa famwea bila msimbo wake, na Debian ni mfumo endeshi ulioahidi kuwa huria, yaani msimbo wake uwe wazi kwa kila mtu kuusoma na kuubadilisha, kwa hiyo vitu hivyo viliwekwa kando kwa miaka mingi. Diski rasmi ya Debian 11 haikuwa navyo. Mwaka 2022 wanachama wa mradi walipiga kura, na kuanzia Debian 12, iliyotoka tarehe 10 Juni 2023, famwea zimo ndani ya diski rasmi ya kusakinishia, kwenye fungu liitwalo non-free-firmware. Basi angalia kwanza fleshi unayotembea nayo ni ya toleo gani. Na kama mashine ilipandishwa kutoka 11 kwenda 12, fungua /etc/apt/sources.list uhakikishe neno non-free-firmware limo. Lile la zamani, non-free peke yake, halitoshi tena.

Sasa kuiuliza mashine. Fungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye Network controller. Kwenye ThinkPad za zamani, ambazo huku ni nyingi, mara nyingi utaona Intel Centrino Advanced-N 6205 na mwishoni namba [8086:0085]. Namba hiyo ndiyo ya kuandika daftarini, maana jina la laptopu halikwambii kadi iliyomo. Mafundi wa kabla yako huenda wameibadilisha. Sehemu ya kwanza ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14e4 ni Broadcom. Kadi ya kuchomeka kwenye USB haitokei hapo, itafute kwa lsusb.

Kisha:

sudo dmesg | grep -i firmware

Ukikuta maneno kama "Direct firmware load for iwlwifi-6000g2a-6.ucode failed with error -2", shukuru, maana umetajiwa faili linalotakiwa kwa jina lake. Hiyo -2 maana yake faili halikupatikana, basi. Kadi si mbovu. Kwa Intel kifurushi ni firmware-iwlwifi, kwa Realtek firmware-realtek, kwa Atheros firmware-atheros. Sakinisha, zima, washa.

Jambo moja huwatia hofu wanafunzi wa fildi kila mwaka. Kwenye kadi mpya za Intel, kerneli hujaribu kwanza toleo la juu kabisa la famwea, ikilikosa inashuka kwenye la chini yake, mpaka ipate. Kwa hiyo unaweza kuona mistari kadhaa ya failed na waifai ikawa inafanya kazi. Soma mpaka chini. Ukiona loaded firmware version, hakuna la kutengeneza.

Kabla ya yote hayo, hakikisha waifai haikuzimwa tu kwa swichi: andika sudo rfkill list. Ikisema Hard blocked: yes, tafuta swichi ubavuni au mbele ya laptopu, au kitufe cha waifai kwenye kibodi.

Tatizo kubwa la huku ni kwamba famwea inatafutwa kwenye intaneti, na intaneti ndiyo unayoikosa. Njia ninayoipenda ni simu. Chomeka simu ya Android kwa waya, washa USB tethering kwenye mipangilio, na Debian itaiona kama kadi ya waya, bila famwea yoyote. Waya uwe wa kupitisha data, kwani nyingine zinachaji tu. Simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya ofisi, kwa kawaida itaipitisha hiyo hiyo, bando lako libaki. Ukitumia bando, zuia masasisho ya mfumo mpaka umalize, la sivyo laptopu italimaliza ikidhani iko kwenye waya wa ofisi.

Ukienda Micheweni au Kojani, pakua vifurushi mapema kwa apt download, viweke kwenye fleshi, na ukifika usakinishe kwa sudo apt install ./ ikifuatiwa na jina la faili. Lakini hapa Broadcom za zamani zinahitaji uangalifu. Kifurushi cha firmware-b43-installer hakina famwea ndani, kwa kuwa leseni hairuhusu kuisambaza. Kinakwenda kuichukua mtandaoni wakati kinasakinishwa. Ukikibeba peke yake hakikufai kitu. Kisakinishe kwenye mashine yenye intaneti, kisha nakili folda nzima ya /lib/firmware/b43 uende nayo.

Famwea msichukue kwenye tovuti yoyote mnayoikuta. Inaingia ndani ya mashine ya mtu anayewaamini, yenye matokeo ya wanafunzi au hesabu za duka. Chukueni kwenye hazina ya Debian au mkusanyiko wa linux-firmware ulioko kernel.org.

Mimi huziweka famwea hizi, na humwambia mwenye mashine wazi kwamba sehemu hiyo si huria. Ni haki yake kujua. Anayetaka uhuru kamili ana njia: kadi za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k hazihitaji faili la kupakiwa, na vifaa vya USB vyenye chipu ya AR9271 vina famwea ambayo msimbo wake ulitolewa mwaka 2013. Ninavipendelea hivyo vya USB kwa sababu nyingine pia: ThinkPad nyingi za zamani, na baadhi ya HP, zina BIOS, ile programu inayoiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi, inayokataa kadi ya ndani isiyokuwemo kwenye orodha yake. Ukiibadilisha, mashine inasimama kwenye ujumbe wa kosa hata kabla Debian haijaanza. Kwa hiyo kadi ya ndani usimnunulishe mteja mpaka uhakikishe BIOS ya modeli yake inaikubali.