Maswali na majibu: supanova zinazong'aa mara ya pili

Kwa nini supanova (milipuko ya nyota zinazokufa) zenye mwanga wa kupindukia huanza kufifia, kisha mwanga ukapanda tena?

Kwa sababu mlipuko wenyewe si chanzo pekee cha mwanga. Nyota kubwa humwaga gesi muda mrefu kabla ya kufa. Mabaki ya mlipuko yakiigonga gesi hiyo, mwendo hugeuka joto na mwanga hupanda. Wengine hutaja magneta, yaani kiini kilichobaki, chenye sumaku kali mno, kinachozunguka mamia ya mara kwa sekunde na kuyapasha joto mabaki kutoka ndani. Lakini magneta peke yake hutoa mteremko laini. Vinundu kwenye mteremko huo, kama vile vya supanova SN 2015bn, vinadai maelezo ya ziada. Msichague jibu kwa kutazama mchoro wa mwanga tu. Ulizeni spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, inasema nini.

Betelgeuse, ile nyota kubwa nyekundu iliyofifia, si ililipuka 2019?

Hapana. Ilifichwa na vumbi ililolitoa yenyewe. Swali hili limejibiwa mara nyingi, someni kwanza.

Je, ASASSN-15lh ya mwaka 2015 ndiyo supanova iliyong'aa kuliko zote?

Mimi siiiti supanova. Kileleni iling'aa kama Jua zipatazo bilioni 570, hilo ni kweli. Lakini baada ya kufifia, mwanga wake wa urujuanimno ulipanda tena. Isitoshe, ilitokea kwenye galaksi kubwa na kongwe, ilhali supanova za aina hii kwa kawaida huzuka katika galaksi ndogo zinazozaa nyota kwa wingi. Nyota iliyoraruliwa na shimo jeusi inayaeleza hayo vizuri zaidi. Wataalamu bado wanabishana, na anayetangaza rekodi bila kuutaja ubishi huo anawapotosha wasomaji.

Na supanova iPTF14hls?

Ilipanda na kushuka angalau mara 5 katika siku 600 hivi. Wangeacha kuipima baada ya siku 100, ingeandikwa kuwa supanova ya kawaida.

Darubini ya nyumbani inasaidia?

Sana. Berto Monard wa Afrika Kusini, asiyelipwa kwa kazi hiyo, ndiye aliyeigundua SN 2022jli mnamo Mei 2022. Baadaye ikabainika mwanga wake unapanda na kushuka kila siku 12.4. Ila kipimo kimoja kilichoruka juu si ugunduzi. Pima na nyota jirani katika picha ileile: zikibadilika zote pamoja, ni wingu jembamba au kamera yako. Na tunza picha ghafi. Zile mnazonitumia zikiwa zimeshapambwa na programu za simu haziwezi kupimwa.